Kulala katika Hoteli ya Old Cataract, Aswan: Maswali ya Wasafiri wa Uganda

Mto Nile unatoka katika Ziwa Viktoria pale Jinja, na inasemwa kwamba maji yake huchukua takriban miezi mitatu kufika Bahari ya Mediterania. Karibu na mwisho wa safari hiyo hupita Aswan, kusini mwa Misri, ambako hoteli ya Old Cataract imesimama juu ya jabali la graniti tangu mwaka 1899. Maswali yafuatayo nimeulizwa na ndugu, majirani na wafanyakazi wenzangu tangu niliporudi kutoka huko. Wengi wao wanapanga fungate au wanataka kuwapeleka wazazi wao matembezi baada ya kustaafu. Mimi ni mzaliwa wa Walukuba, Jinja, na sikuficha katika majibu haya kwamba nilikwenda kwa ajili ya mto kuliko kwa ajili ya vitanda.

Old Cataract ni hoteli gani, na jina lake lina maana gani?

Ilijengwa na kampuni ya Uingereza ya Thomas Cook, ambayo wakati ule ilikuwa ikiwapandisha watalii Mto Nile kwa meli za mvuke, na ilihitaji mahali pa hadhi pa kuwalaza walipofika Aswan. Michoro ilitengenezwa na msanifu Henri Favarger. Kuta zake za rangi ya udongo mwekundu zimesimama juu ya mto, na ng'ambo yake kiko kisiwa cha Elephantine.

Cataract ni neno la Kiingereza linalotumika kwa sehemu ya mto iliyojaa majabali, ambako maji hukimbia kwa kasi na vyombo hupita kwa shida. Kati ya Khartoum na Aswan zipo sehemu sita za namna hiyo, na ya Aswan huitwa ya kwanza kwa sababu waliozihesabu walikuwa wakitokea upande wa Misri. Sisi tulio kwenye chanzo tungeiita ya mwisho. Anayeyakumbuka maporomoko ya Bujagali, karibu na Jinja, kabla ya bwawa anaweza kupata picha ya jinsi mahali hapa palivyokuwa zamani, ila asitegemee mshindo wa maji. Tangu mabwawa mawili yajengwe upande wa juu, mto mbele ya hoteli umetulia, na majabali yaliyobaki ni ya mviringo, ya kijivu na laini kama migongo ya tembo wanaooga.

Neno la mwanzo, Old, lenye maana ya "ya zamani", liliongezwa baada ya mwaka 1961, kando ya jengo la kwanza ulipojengwa mnara mpya ulioitwa New Cataract. Hoteli ilifungwa mwaka 2008 kwa ukarabati mkubwa, na ilipofunguliwa tena mwaka 2011 majengo hayo mawili yalikuwa hoteli moja, chini ya usimamizi wa kampuni ya Kifaransa ya Sofitel.

Je, ni kweli kwamba maji yanayopita mbele ya hoteli ni yale yaliyotoka Jinja?

Ni kweli, lakini si yote, na wala si mengi kama tunavyopenda kudhani. Mto unaoondoka Jinja hupita Ziwa Kyoga, hujibana katika maporomoko ya Murchison, hugusa ncha ya Ziwa Albert, kisha huingia Sudan Kusini na kutandaa katika kinamasi cha Sudd, ambako takriban nusu ya maji hupotea kwa kukaushwa na jua na kunyonywa na mafunjo. Yanayobaki hufika Khartoum na kukutana na Nile ya Buluu inayotoka Ethiopia, na ni hiyo ya pili iliyokuwa ikileta mafuriko na tope jeusi lililoilisha Misri kwa maelfu ya miaka. Kwa hesabu ya mwaka mzima, takriban asilimia 85 ya maji yanayofika Aswan yanatoka katika milima ya Ethiopia.

Hata hivyo, fungu letu lina heshima yake. Nile ya Buluu hufurika na kupungua kwa msimu, ilhali Nile Nyeupe, yaani tawi letu, hutiririka karibu sawasawa mwaka mzima kwa sababu ziwa letu huyatoa maji polepole, na kwa hiyo, kabla ya Bwawa Kuu la Aswan, maji yaliyopitia kwetu yalikuwa msaada mkubwa wa Misri katika miezi ya ukame. Hiyo ndiyo sababu serikali ya Misri ilichangia gharama za bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale na ambalo lilifunguliwa tarehe 29 Aprili 1954, na ndiyo sababu wahandisi wa Misri waliwekwa Jinja kufuatilia kiwango cha maji yanayotoka ziwani. Tulipokuwa watoto tuliwaona tu kama Waarabu wa bwawani. Jioni yangu ya kwanza katika baraza ya hoteli, nilipotazama maji yale yakipita taratibu chini ya majabali, ndipo nilipoelewa kilichowaleta kwetu: huku, kuanzia ukingo wa mto kwenda jangwani, baada ya mwendo wa dakika chache kwa miguu hakuna hata jani moja la kijani.

Nifikeje Aswan kutoka Uganda?

Shirika la EgyptAir huruka kutoka Entebbe hadi Kairo, na kutoka Kairo kuna ndege za ndani za kwenda Aswan zinazochukua muda wa saa moja na nusu hivi. Asiye na haraka anaweza kupanda treni ya usiku kutoka Kairo, safari ya karibu kilomita 900 inayofuata mto, na mimi ningemshauri kila mwenye nguvu achague treni walau upande mmoja, kwa sababu kutoka angani hutaona jinsi mashamba yanavyozidi kuwa membamba kadiri unavyokwenda kusini. Njia ya nchi kavu kupitia Sudan isifikiriwe kabisa wakati huu, kwa kuwa vita vilivyoanza Aprili 2023 vimeifanya kuwa ya hatari.

Mwenye pasipoti ya Uganda anahitaji viza, na ni busara kuiomba mapema katika ubalozi wa Misri mjini Kampala, akiwa na tikiti, uthibitisho wa hoteli na taarifa ya benki. Usisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ni karatasi ndogo ya njano ambayo wengi huiacha nyumbani, na huulizwa kwa sababu nchi yetu imo katika orodha ya nchi zenye ugonjwa huo.

Niende mwezi gani?

Kati ya Novemba na Februari. Wakati huo mchana una joto la kupendeza la nyuzi 23 hadi 28, na usiku wa Januari hushuka hadi nyuzi 10 au chini yake, baridi ambayo mtu wa Kampala ataihisi sana akikaa nje bila sweta. Kuanzia Juni hadi Agosti joto la mchana hupita nyuzi 40 kwa kawaida, na ingawa bei za vyumba hushuka sana, utaishi ndani ya kiyoyozi kuanzia saa nne asubuhi hadi machweo. Kuhusu mvua hakuna la kusema: Aswan ni miongoni mwa miji mikavu zaidi duniani, na miaka mingine hainyeshi kabisa.

Nichague jengo la kale au mnara?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na jibu langu huwashangaza watu. Jengo la kale, ambalo hoteli inaliita Palace, ndilo lenye historia: dari ndefu, mbao za giza, matao ya mtindo wa Kimoro, korido pana zenye mazulia yanayomeza sauti ya viatu. Lakini baadhi ya vyumba vyake vinatazama bustani, na mgeni asiyesoma vizuri maelezo anaweza kulipa fedha nyingi kisha akaamka bila kuona tone la maji. Mnara wa mwaka 1961 hauna uzuri wowote ukiutazama kwa nje, lakini vyumba vyake viko juu na vina roshani zinazoutazama mto, na usingizi wako utakatizwa na mwanga wa alfajiri unaogonga kisiwa cha Elephantine.

Kwa hiyo mimi nasema hivi: ukiweza kulipia chumba cha jengo la kale kinachotazama Nile, na kimeandikwa hivyo waziwazi kwenye uthibitisho wako, chukua hicho. Usipoweza, chukua mnara, kisha tumia baraza, bustani na kumbi za jengo la kale, ambazo ni za wageni wote bila kujali wamelala upande gani. Chumba cha jengo la kale kinachotazama bustani ndicho pekee nisichoweza kumshauri mtu aliyesafiri kutoka Uganda kwa ajili ya mto huu.

Gharama zake zikoje?

Ni kubwa, na hubadilika kwa msimu kiasi kwamba chumba kilekile kinaweza kugharimu mara mbili wakati wa Krismasi na Mwaka Mpya kuliko kinavyogharimu Julai. Bei hutajwa kwa dola au yuro. Kabla ya kulipa, uliza kama bei uliyopewa imejumlisha kodi ya ongezeko la thamani, ambayo nchini Misri ni asilimia 14, pamoja na malipo ya huduma ambayo kwa kawaida ni asilimia 12, kwa sababu viwili hivyo vikiongezwa mwishoni hugeuza kabisa hesabu ya safari. Uliza pia kama kifungua kinywa kimo.

Shilingi ya Uganda haibadilishwi huko. Beba dola safi zisizo na mikunjo, badilisha kidogo kidogo benki, na hakikisha kila wakati una noti ndogo za pauni ya Misri, kwa kuwa bakshishi si jambo la hiari kama tulivyozoea. Mbeba mizigo, dereva, mpiga makasia na mtunza choo cha sokoni wote huitegemea, na mishahara yao ni midogo. Kumpa mtu kwa mkono wa kulia, kwa kumtazama na kumshukuru, ni adabu ambayo wao wanaitambua kama sisi.

Ni akina nani mashuhuri waliowahi kufika hapo?

Mgeni anayetajwa zaidi ni mwandishi wa Uingereza Agatha Christie, ambaye riwaya yake ya mauaji ndani ya meli ya Nile ilitoka mwaka 1937, na filamu iliyotokana nayo mwaka 1978 ilipigwa kwa sehemu katika hoteli hii. Chumba kikubwa kimoja kimepewa jina lake. Rais François Mitterrand wa Ufaransa aliitumia Krismasi yake ya mwisho hapo mwaka 1995, akiwa mgonjwa sana, na alifariki tarehe 8 Januari 1996, siku chache tu baada ya kurudi nyumbani.

Kwa Mganda, hata hivyo, jina lenye uzito ni la Winston Churchill. Desemba 1902, akiwa mbunge kijana wa miaka 28, alipanda Nile hadi Aswan kushuhudia uzinduzi wa bwawa la kwanza, akiwa mgeni wa tajiri Ernest Cassel aliyegharamia ujenzi wake. Ukumbi wa chakula wa hoteli, wenye kuba kubwa la Kimoro, unaitwa 1902 kwa sababu ya mwaka huo. Miaka mitano baadaye, mwaka 1907, Churchill huyohuyo alisimama Jinja mbele ya maporomoko ya Ripon na akaandika kwamba nguvu yote ile ya maji inapotea bure na ingefaa kufungwa mitambo. Owen Falls ilipofunguliwa mwaka 1954 alikuwa waziri mkuu wa Uingereza. Mtu anayekula chini ya kuba lile ajue kwamba wazo lililozamisha Ripon lilipata nguvu katika kizazi kilekile kilichokuwa kikishangilia bwawa la Aswan.

Lile jengo la kuba lililo juu ya kilima ng'ambo ya mto ni la nani?

Ni kaburi la Aga Khan wa Tatu, imamu wa Waismailia, aliyependa kukaa Aswan wakati wa baridi. Alifariki mwaka 1957 na akazikwa rasmi katika jengo hilo mwaka 1959. Kwa miaka mingi mjane wake alihakikisha waridi jekundu linawekwa juu ya kaburi kila siku, hadi naye alipofariki mwaka 2000. Februari 2025, mjukuu wake Aga Khan wa Nne naye alizikwa Aswan. Jengo huonekana vizuri kutoka hotelini, lakini kwa muda mrefu limefungwa kwa wageni wa kawaida.

Waliosoma shule za Aga Khan Kampala watahisi ukaribu wa aina fulani wakilitazama. Tena, mfuko wa maendeleo wa Aga Khan ulikuwa miongoni mwa wawekezaji wa bwawa la Bujagali lililozinduliwa mwaka 2012, hivi kwamba familia iliyolala juu ya Nile ya Aswan ilikuwa na mkono katika umeme unaowaka nyumbani kwetu.

Je, Wanubi wa Aswan ni ndugu wa Wanubi wetu wa Bombo?

Jina ni moja, lakini historia ni mbili. Wanubi wa Uganda ni wazao wa askari waliokuwa chini ya gavana Emin Pasha katika jimbo la Equatoria, watu wa makabila mengi ya Sudan, ambao Lugard, ofisa wa Kiingereza, aliwaingiza Uganda mwaka 1891. Kinubi chao kilizaliwa katika kambi za jeshi na maneno yake mengi ni ya Kiarabu. Wanubi wa Aswan ni watu wa kale wa bonde hili la mto, na lugha zao za asili, Kikenzi na Kinobiin, si za Kiarabu hata kidogo, ingawa kila mmoja wao anajua Kiarabu pia. Mzee wa Bombo akizungumza nao ataelewana nao kwa sehemu, lakini kwa njia ya Kiarabu walichonacho wote wawili.

Ninaomba kila mgeni aijue habari yao kabla ya kufika, kwa sababu ni wao watakaokupigia makasia na pengine kukupokea mlangoni. Bwawa la mwaka 1902 lilipoinuliwa mara mbili, vijiji vyao vilizama na wakahamia juu zaidi. Kisha lilipokuja Bwawa Kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1960 na kukamilika mwaka 1970, takriban watu 50,000 wa upande wa Misri walihamishwa kati ya mwaka 1963 na 1964 hadi Kom Ombo, mbali na ukingo wa mto, na idadi inayokaribiana na hiyo ikahamishwa upande wa Sudan. Mahekalu yalikatwa vipande na kuinuliwa kwa fedha za dunia nzima, lakini nyumba na makaburi ya wazee wao viliachwa chini ya maji. Wasoga walioona Bujagali ikizama pamoja na mahali pa ibada ya mizimu wao hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Kijiji cha Gharb Soheil, ukingo wa magharibi, kina nyumba za Wanubi zilizopakwa rangi, na Jumba la Makumbusho la Nubia lililofunguliwa mwaka 1997 liko mwendo mfupi kutoka hotelini. Anza na makumbusho, ndipo uende kijijini, kwani bila hiyo utaona rangi za ukutani tu.

Vipi kuhusu chakula, mavazi na sala?

Nyama inayotolewa Misri kwa kawaida ni halali, na pombe hupatikana hotelini kwa anayeitaka. Mwenye kutafuta ladha ya karibu na nyumbani aombe samaki, ful, yaani maharage ya kupondwa yanayoliwa asubuhi, au bamia ya nyama. Matoke hakuna. Katika ukumbi wa 1902 watu huvaa nadhifu usiku: mwanamume suruali ndefu na shati la heshima, mwanamke gomesi au gauni, na gomesi kwa hakika itavuta macho ya kupendezwa. Mjini, mabega na magoti yafunikwe.

Muislamu akumbuke kwamba kibla hubadilika. Kampala tunaelekea kaskazini kwa kupinda kidogo mashariki. Aswan iko juu zaidi ya mstari wa Makka, kwa hiyo utaelekea mashariki kwa kupinda kusini. Waulize mapokezi wakuonyeshe. Katika Ramadhani baadhi ya maduka na ofisi hupunguza saa za kazi mchana, lakini usiku wa Aswan wakati huo ni mchangamfu kuliko usiku wowote wa mwaka.

Nimesikia watu hukosa safari zao kwa sababu ya saa. Inakuwaje?

Ni kweli kabisa, na hutupata sisi tunaosema Kiswahili kuliko wengine. Mwarabu akitaja saa, huhesabu kuanzia usiku wa manane na mchana, kama Kiingereza kinavyofanya. Maneno yake ya namba, hata hivyo, ni yale tuliyoyachukua: sita, saba, tisa. Mpiga makasia akikwambia atakuchukua saa saba, wewe utasikia saa saba na utajipumzisha hadi mchana, kumbe yeye amekuja saa moja asubuhi na ameondoka. Taja kila mara "asubuhi" au "jioni", kisha onyesha kwenye uso wa saa au simu.

Zaidi ya hayo, Misri iko nyuma yetu kwa saa moja wakati wa baridi, na kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwisho wa Oktoba huisogeza saa mbele ikalingana na yetu. Plagi zao zina vijiti viwili vya mviringo, si vitatu vya bapa kama vyetu, kwa hiyo beba adapta. Jifunze pia tarakimu za Kiarabu wanazoandika kwenye bei na kwenye mabehewa. Ni kumi tu, na zinakuokoa na mambo mengi.

Kuna mamba au viboko kwenye mto?

Viboko walitoweka Misri tangu karne ya 19. Mamba wapo, tena wakubwa, katika Ziwa Nasser nyuma ya Bwawa Kuu, lakini mbele ya hoteli ni nadra mno kuonekana, na hali hiyo hailingani kabisa na ile ya Murchison. Kinachopasa kukutia hofu ni kichocho, kwa hiyo usiogelee kando ya mto penye maji yaliyotulia. Hoteli ina bwawa la kuogelea.

Nikae siku ngapi, na nione nini?

Usiku tatu, na usipungue miwili. Kosa ninaloliona kwa watu wetu ni kulipia hoteli ya gharama namna hii kisha kuondoka usiku wa manane na kurudi jioni kwa uchovu, siku baada ya siku, mpaka wanaporudi Entebbe hawakumbuki hata rangi ya pazia.

Siku ya kwanza usitoke nje ya hoteli, isipokuwa alasiri, upande feluka, ile mashua ya tanga ya pembe tatu. Upepo wa hapa huvuma kutoka kaskazini na mkondo huenda kaskazini, kwa hiyo mashua hupanda mto kwa tanga na kushuka kwa maji. Katika maandishi ya kale ya Misri, safari ya kusini ilichorwa chombo chenye tanga, na ya kaskazini chombo kilichokunja tanga. Mwambie nahodha akuzungushe kisiwa cha Elephantine na akuteremshe kwenye ngazi za mawe ambako makuhani walipima kimo cha mto, kwa sababu kutokana na kipimo hicho ilijulikana mapema kama mwaka utakuwa wa shibe au wa njaa, na kodi ingekuwa kiasi gani. Hiyo ndiyo kazi ileile waliyokuja kuifanya wale wahandisi wa Jinja.

Siku ya pili nenda Philae, hekalu la mungu wa kike Isis lililobomolewa na kujengwa upya katika kisiwa cha Agilkia kati ya mwaka 1972 na 1980, kisha uone mnara wa jiwe ambao haukumalizika, ambao ulipasuka ukiwa bado umelala katika machimbo yake. Siku ya tatu ni ya Abu Simbel, kilomita takriban 280 kusini, ukiwa na nguvu za kuamka alfajiri. Sanamu za Farao Ramses wa Pili zilihamishwa kutoka mwaka 1964 hadi 1968, zikapandishwa mita 65 juu ya mahali pake pa asili. Ukiweza kupanga safari iangukie tarehe 22 Februari au 22 Oktoba, jua huingia hadi ndani kabisa ya hekalu, ila watu huwa wengi kupita kiasi.

Na aliyezoea kupiga picha kwenye mstari wa ikweta pale Kayabwe atafurahi kujua kwamba Aswan nayo iko karibu na mstari mwingine, Tropiki ya Kansa. Ni kutokana na kisima cha mji huu, ambacho jua liliangaza hadi chini mchana wa siku ndefu kuliko zote, kwamba mtaalamu Eratosthenes wa Aleksandria alikadiria mzingo wa dunia zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Inafaa kwa wazee na watoto?

Ndani ya hoteli, ndiyo. Kuna lifti, vivuli na viti kila mahali. Ugumu uko nje, kwa sababu kupanda feluka ni kuvuka ubao mwembamba, na visiwani kuna ngazi zisizo na vishikizo. Mzazi mwenye magoti mabovu aombe mashua yenye injini na abaki ndani wakati wengine wanateremka.

Sina uwezo wa kulala hapo. Naweza kuingia kunywa chai tu?

Mara nyingi inawezekana, lakini piga simu kwanza au mtume mtu wa hoteli yako akuulizie, kwa kuwa asiyelala hapo huweza kutozwa kiwango cha chini cha matumizi, na siku hoteli ikijaa hukataliwa. Vaa vizuri. Lala katika nyumba ya wageni ya kisiwani Elephantine au ukingo wa magharibi, ambako bei ni za kawaida na wenyeji ni Wanubi wenyewe, kisha uvuke kwa kivuko cha umma.

Fika saa kumi alasiri kwa hesabu yetu ya Kiswahili, kabla ya meza za ukingoni hazijachukuliwa. Baraza linatazama magharibi. Jua huzama nyuma ya vilima vya mchanga, upande uleule wa kaburi la Aga Khan, na wakati huo feluka zote hukunja tanga na kuanza kurudi zikisukumwa na mkondo.